Siku Kumi na Nne za Kompyuta ya Mtumba

Watu wa Nunguni walimjua Nzilani kwa mambo mawili: kasi ya vidole vyake, na maswali. Vidole vilikuwa na faida. Maswali yaliwachosha. Ukimwuzia mbuzi, atataka kujua mama wa huyo mbuzi alikufa kwa ugonjwa gani. Ukimsifia dawa ya tumbo, atauliza ni tumbo la nani lililopona, na huyo mtu anaishi wapi ili akamwone.

Alizaliwa Ikutha, kwa watu wa mbuzi na jua kali. Akiwa na miaka minane aliifungua tochi ya baba yake aone mwanga hukaa wapi tochi ikizimwa. Alichapwa, na mwanga hakuuona, ila alizirudisha zile sehemu zote mahali pake na tochi ikawaka, jambo ambalo baba yake hakumsimulia mtu yeyote. Baada ya shule alipelekwa Machakos kusomea taipu, kwa mwalimu mmoja mkali aliyewafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa ili wasitazame herufi. Mwaka wa 1976 ofisi ya kanisa pale Nunguni ikamwajiri. Akaolewa huko huko, akazaa watoto watatu, na kwa kuwa kifungua mimba wake aliitwa Mulei, yeye akawa Mama Mulei kwa kila mtu isipokuwa wazee waliomfahamu tangu ujana.

Mashine ya taipu aliyoikuta ofisini siku ya kwanza ndiyo aliyokuwa nayo hata mwaka wa 1998. Roli la kuzungushia karatasi lilikuwa na ufa, utepe wa wino ulitafutwa mpaka Nairobi, na fundi wa mwisho aliyejua kuitengeneza alikuwa ameshazikwa. Ofisi ile ilisimamia makanisa kumi na manne, na kila kanisa lilikuwa na orodha zake za waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliohama. Jina moja likikosewa, Nzilani aliupiga ukurasa mzima upya. Kwa miaka ishirini na miwili alipiga kurasa upya, na akiwa peke yake aliitukana ile mashine kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, maana ofisi ni ya kanisa.

Mwishowe kamati ya kanisa ikakubali: inunuliwe kompyuta. Tena iwe ile ya kubeba mkononi, na sababu ilikuwa moja tu. Nusu ya yale makanisa hayakuwa na stima. Mchungaji Muthama akienda kubatiza huko aliandika majina kwenye vipande vya karatasi, akavitia mfukoni, na vingine vilifuliwa pamoja na suruali. Hata Nunguni penyewe, wingu likijikusanya kidogo tu, stima ilikuwa imeshaondoka. Walitaka kompyuta inayofanya kazi bila waya.

Mchungaji Muthama na Nzilani wakateremka mpaka mji wa Sultan Hamud, kwenye duka la Abdulatif. Babu yake Abdulatif alitoka pwani akifuata kazi ya reli, na ukoo ukabaki pale pale. Baba alitengeneza redio. Mwana alitengeneza redio na, tangu majuzi, kompyuta zilizotupwa na ofisi za ng'ambo. Aliwawekea moja juu ya kaunta, nyeusi, nene, yenye kibandiko cha namba ubavuni.

"Hii ni mtumba, sitaki kuwadanganya," alisema. "Wenzetu huko hutumia miaka mitatu, wakachoka nayo. Mimi naisafisha, nabadilisha kilichokufa, ndipo nauza."

"Kwa hii umebadilisha nini?" Nzilani aliuliza.

"Diski ya ndani, na feni."

"Na betri?"

"Betri ni yake mwenyewe. Walioniuzia wamesema hukaa saa tatu."

"Wewe umeiona ikikaa hizo saa tatu?"

Abdulatif akamgeukia mchungaji. "Huyu mama alisomea upolisi?" Kisha akacheka, akamjibu Nzilani kwa heshima. "La, mama, sikuiona. Ndiyo maana nawapa siku kumi na nne. Nendeni nayo, na printa hii ndogo. Ikiwafaa mtanilipa, isipowafaa nirudishieni, hatutagombana."

Kamati ikampa Nzilani kazi: aijaribu, halafu aandike ripoti ya ukurasa mmoja, ichukuliwe au irudishwe. Hakuna aliyewahi kumwomba maoni kwa maandishi. Miaka yote hiyo alikuwa ameandika maoni ya watu wengine. Alifurahi mpaka akashindwa kula chakula cha jioni, ingawa kwa mumewe alisingizia tu kwamba mboga imezidi chumvi.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye utaratibu huo: jambo moja kwa siku. Ukijaribu mambo matano siku moja, alisema, kitu kikiharibika hutajua ni lipi lililokiharibu.

Siku ya kwanza, Jumatano, hata hakuiwasha. Aliitazama. Aliigeuza, akainusa, akapitisha kidole kwenye kingo zake. Mwenye nayo wa zamani alikuwa mtu wa kuegemea, maana rangi ilikuwa imelika pale viganja vinapokaa, na upande wa kushoto zaidi. Herufi ya E ilikuwa iking'aa kwa kusuguliwa. Chini ya kitufe kimoja alitoa pini ya karatasi na punje za mkate. Nzilani alikaa na zile punje kwenye kiganja kwa muda, akijiuliza ni mtu wa namna gani anayekula juu ya kazi, na kama alifukuzwa au aliacha mwenyewe.

Alhamisi akajaribu kibodi, na hapo ndipo alipokutana na maajabu. Yeye hupiga bila kutazama. Macho hukaa kwenye karatasi anayonakili. Alinakili majina ishirini, akainua macho, akakuta mwenyekiti wa kamati, Mzee Nzioka, ameandikwa Nyioka, naye mwenyewe ni Nyilani. Alifuta, akapiga tena, ikawa vilevile. Robo saa nzima aliamini vidole vyake vimezeeka, na alihuzunika kweli. Kisha akainama akatazama vitufe. Watu wa nchi ilikotoka walikuwa wameziweka Z na Y mahali pengine, kila moja kwenye kiti cha mwenzake. Akacheka peke yake. Kufikia jioni vidole vilikuwa vimeshajua.

Ijumaa alijifunza kuhifadhi. Aliandika orodha, akaizima mashine, akaenda kunywa chai kwa makusudi, akarudi akaiwasha. Orodha ilikuwapo. Akabadilisha jina moja katikati ya ukurasa, na majina mengine yote yakakaa mahali pake bila kuguswa. Aliegemea kiti. Alizifikiria kurasa zote alizozipiga upya tangu 1976 na machozi yakamtoka, sijui ya furaha au ya hasira, hata yeye hakujua. Aliyafuta upesi maana mlango ulikuwa wazi.

Jumamosi ilikuwa zamu ya printa. Jumatatu ingekuwa betri. Aliiacha nyuma kwa sababu hakutaka kuivuta mashine kutoka kwenye waya kabla hajajua kuhifadhi kazi. Hiyo ilikuwa akili nzuri, na ndiyo iliyoleta shida yote.

Jumamosi hiyo mchana Mchungaji Muthama aliingia ofisini akiwa na uso wa mtu aliyepata wazo. Kesho yake ilikuwa ibada ya pamoja, makanisa yote kumi na manne. Na sote twajua desturi: kitu kipya cha kanisa hakianzi kazi kabla ya kuombewa. Gitaa la kwaya liliwekwa wakfu, tangi la maji liliwekwa wakfu, hata baiskeli ya mwinjilisti iliwekewa mikono na wazee sita mpaka ikakaribia kuanguka.

"Mchungaji, ngoja kidogo," Nzilani alisema. "Bado sijamaliza."

"Mama Mulei, kwani maombi yataiharibu?"

Kwa mara moja maishani mwake, aliulizwa yeye, akanyamaza.

Basi Jumapili kompyuta ikawekwa mbele, juu ya kitambaa cha kufuma, katikati ya maua, imefunguliwa na kuwaka, waya wake ukipita chini ya zulia hadi kwenye soketi. Watu walileta mahindi, ndizi, njugu na jogoo mmoja mwenye kelele. Mama mmoja mjane, Ndululu, alikuwa amekesha akimalizia kiondo cha kuibebea, chenye milia myekundu, na alipokiweka mezani watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Mchungaji akaweka mikono juu ya kibodi, akaitenga ile mashine kwa kazi ya Bwana siku zote. Kwa bahati mikono yake iliandika herufi nyingi za G, mistari mitatu, ambazo Nzilani alizifuta Jumatatu asubuhi.

Alizifuta, akachomoa waya, akatazama saa. Ilikuwa saa tatu kamili. Akaanza kuandika ripoti ya mwezi ya kanisa la Kilungu huku akiimba. Saa tatu na dakika kumi na moja kioo kikawa cheusi.

Alidhani amegusa kitu. Akachomeka waya, akaiacha ijaze usiku kucha, na Jumanne akajaribu tena: dakika kumi na mbili. Jumatano, kumi na moja. Alhamisi aliifungua betri, akavisugua vile vyuma vyake kwa kitambaa kikavu, akairudisha. Ilimpa kumi na moja kamili, kama mtu aliyeulizwa jambo lile lile mara nne na hataki kubadilisha maneno.

Akaenda kwa mchungaji. Mzee Nzioka naye alikuwapo, wanakunywa chai. Nzilani aliwaeleza, na wote wawili wakaacha vikombe.

"Mama Mulei," mchungaji alisema, "watu wa makanisa kumi na manne wameiona. Wametoa. Nimeiombea mbele yao. Sasa nikawaambie nini? Kitu ya Mungu hairudishwi duka."

"Ukiwa karibu na soketi inafanya kazi?" Mzee Nzioka aliuliza.

"Vizuri sana, nau," alijibu, akimwita baba kwa Kikamba kama wazee wanavyoheshimiwa.

"Basi andika ni mzuri. Si ni mzuri?"

"Ni mzuri, nau. Lakini huko kwenye hakuna stima..."

"Huko tutaendelea na karatasi, vile tumezoea. Wewe andika tu, sisi tutasaini."

Njiani kurudi, kilichomuuma Nzilani hakikuwa wale wanaume. Kilichomuuma ni kwamba na yeye alitaka kuandika hivyo. Alikuwa ameipenda. Ikirudishwa, na kanisa likakasirika, pesa zikaenda kwenye paa au kwenye viti, yeye angerudi kwenye roli lenye ufa mpaka astaafu. Neno moja tu, "nzuri", na mashine ni yake. Lakini neno hilo lingekuwa na jina lake chini. Mchungaji angeibeba ndani ya kiondo cha Ndululu mpaka kwenye ubatizo wa mbali, angeandika majina ya watu, na kwa dakika kumi na moja yote yangepotea. Halafu mtu angeuliza ni nani aliyesema inafaa.

Usiku huo aliandika ripoti kwa kalamu, yenye maneno ya kweli. Alipomaliza aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia, na hakuwa na uhakika hata kidogo kwamba angeitoa.

Kamati ilikutana Jumamosi, saa nne, watu saba kuzunguka meza. Nzilani alikuwa ameileta mashine ikiwa imejaa. Aliomba ruhusa aandike kumbukumbu za mkutano kwenye kompyuta, bila waya, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Tangu mwanzo?" mchungaji aliuliza, akimtazama.

"Tangu maombi, Mchungaji. Omba tu kawaida."

Sasa, Mchungaji Muthama na maombi ya ufunguzi, hilo jambo linajulikana mpaka Sultan Hamud. Huanza na shukrani za usiku uliopita, hupitia mvua, serikali, shule, wagonjwa mmoja mmoja kwa majina, wasafiri, wajane, ndipo arudi kwenye mkutano. Nzilani alijua. Tusimsingizie kwamba hakujua. Alichomoa waya, akauweka juu ya meza ambapo kila mtu aliuona, na wote wakafumba macho.

Yeye hakufumba. Alikitazama kioo, akatazama saa ya ukutani. Dakika ya nne mchungaji alikuwa kwenye mvua. Dakika ya saba alikuwa shuleni. Na hapo Nzilani, aliyepanga jambo lile kwa akili zake timamu, alijikuta akiomba kinyume. Aliiomba mashine ikae. Aliiomba kwa moyo wote imwaibishe yeye, ifike kwenye Amina, ifike adhuhuri, ili aichane ile ripoti na kuomba msamaha. Dakika ya tisa wagonjwa. Dakika ya kumi na moja mchungaji alisema, "na wajane wetu, Bwana," na kioo kikafa.

Alikaa mbele ya weusi ule dakika tatu nyingine, mpaka Amina.

Watu wakafungua macho. Mzee Nzioka ndiye aliyeona kwanza.

"Imelala?"

"Imekufa, nau. Kila siku inakufa hapo hapo." Akaitoa karatasi kwenye Biblia na kumpa mchungaji. "Nimeandika. Kwa hiyo kazi tulikuwa tunataka, hii haifai. Kwa ofisi inafaa. Lakini hatukutumwa kutafuta ya ofisi."

Mchungaji aliisoma ile ripoti yote, akarudia. Nzilani alihesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, akaona ni mingi.

"Huyu mama aliniambia ngoja," mchungaji alisema mwishowe. "Jumamosi ile, mbele ya ibada. Mimi ndio niliharakisha." Akaikunja karatasi. "Hiyo maombi ni yangu. Mashine nitairudisha mwenyewe."

Jumatatu, siku moja kabla ya muda kwisha, waliteremka tena Sultan Hamud. Mchungaji aliibeba mashine mwenyewe na kuiweka kwenye kaunta. Nzilani alimweleza Abdulatif habari za betri. Abdulatif hakubisha, alichomoa waya, akangoja nao zile dakika kumi na moja, akatikisa kichwa. Kisha mchungaji, akitazama sakafu, akaongeza kwamba kuna jambo jingine: walikuwa wameshaiombea.

Abdulatif alifikiri. "Mmeitoa kwa Mungu?"

"Ndiyo. Mbele ya watu."

"Basi hii siwezi kumwuzia mtu wa baa," alisema Abdulatif. "Itakaa hapa hapa dukani kwangu, karibu na soketi, nitaiandikia kazi zangu. Haitatumika kwa jambo baya, hilo nakuahidi, mchungaji." Akaenda nyuma, akatoa nyingine, ya kijivu, na betri iliyofungwa kwenye karatasi yake.

Mchungaji alinyoosha mkono kuichukua. Nzilani alikuwa ameshavuta stuli. Aliketi, akaiwasha bila waya, akaanza kuandika chochote kilichomjia: majina ya watu wa Ikutha, mbuzi wa baba yake mmoja mmoja, nyimbo za kwaya. Mchungaji akaletewa chai, halafu chai ya pili, halafu akasindikizwa nyuma ya duka akaombe chini ya mti, maana alikuwa ameanza kuomba kwa kunong'ona na Abdulatif alimwonea huruma. Saa mbili na dakika hamsini zilipopita, kioo kilififia. Nzilani akaandika muda, akasimama, akajinyoosha mgongo.

"Hii," alisema.

Jumapili Mchungaji Muthama alipanda mimbarini, akawaeleza watu jinsi alivyoiombea mashine kabla ya kuuliza. Hakujificha nyuma ya maneno. Alisema Mama Mulei alimwonya, yeye akamnyamazisha kwa swali la mzaha, na kwamba anamwomba msamaha mbele ya wote. Nzilani aliketi safu ya nne, akatazama magoti yake, na alifurahi hata akaogopa kuinua uso. Kisha mchungaji akatangaza kwamba tangu siku hiyo, hakuna kitu kitakacholetwa mbele kuombewa kabla Mama Mulei hajasema ndiyo.

Nzilani hakutarajia watu wangemshika mchungaji neno upesi namna ile. Kesho yake asubuhi alikuta wanaume wanne mlangoni pa ofisi, wametoka moja ya makanisa ya bondeni, wamebeba pampu ya maji ya dizeli juu ya miti miwili. Ya mtumba, iliyopakwa rangi upya. Nzilani hakuwahi kugusa pampu maishani mwake.

Aliizunguka mara mbili. Akainama, akachungulia ndani ya bomba.

"Nani kati yenu ameiona ikivuta maji?" aliuliza.

Wakatazamana. Yule mkubwa wao akasema muuzaji aliwahakikishia.

"Muuzaji ameiona?"

Nzilani akafunga ofisi, akavua viatu vyake vya kazini, akawatangulia kuelekea mtoni.